Mapasa wa Daftari la Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ana duka la dawa mtaani Hewa Bora, na Kiingereza hakukisoma hata siku moja. Yeye alisomeshwa Kifaransa na masista. Lakini dawa nyingi zinamfikia kutoka Zambia, maandishi yote Kiingereza, kwa hiyo kila neno geni analiandika daftarini. Maneno yanayofanana sura anayaandika mawili mawili, ubavu kwa ubavu, na kuyaita mapasa, yaani mapacha. Kwetu mapacha humsalimii mmoja ukamwacha mwenzake. Basi naye akikutana na neno la namna hiyo, hatoi jibu kabla hajamtafuta pacha wake.

Mimi nilisoma Ndola miaka mitatu. Nilirudi na Kiingereza cha kujidai, na daftari lile lilinichekesha.

Asubuhi moja, nikimsaidia dukani, aliingia mama mwenye mtoto mchanga anayelia bila kunyamaza. Mumewe, anayefanya kazi Zambia, alikuwa amemtuma dereva wa lori na kichupa cha dawa. Dereva alikikabidhi tu, hakueleza kitu. Nilikichukua, nikatupa jicho mara moja.

"Matone tano mu kinywa," nikamwambia, ingawa kwa kilio cha mtoto naona alisikia yale matone tu.

Yule mama alikuwa ameshafungua kifuniko, mama mdogo alipokisoma kichupa na kukifunika kwa kiganja.

"Ngoja kidogo. Hii neno iko na pasa yake."

"Mama, mutoto iko analia," yule mteja akalalamika. "Na huyu amesoma Kingereza."

"Ninajua. Tungoje tu."

Akafungua daftari. Kidole kilishuka polepole, mstari kwa mstari, na nyuma watu watatu wanasubiri. Niliudhika, sifichi. Kisha kidole kikasimama: "oral", ya kinywani, "aural", ya sikioni. Akanigeuzia daftari, akaweka kichupa pembeni yake. Neno lililoandikwa kwenye kichupa lilikuwa lile la pili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilingoja anikaripie, na nilistahili. Yeye akamgeukia yule mama, akamwonyesha namna ya kumlaza mtoto ubavu.

"Ni ya mu sikio, matone tano. Unisamehe, mama, nilikukawisha. Macho yangu ilishazeeka."

"Ndio uzee, mama," yule akajibu akitabasamu. "Mara ingine uache mwenye masomo asome."

"Eh, nitamuacha," mama mdogo akasema, akamwita mteja aliyefuata.