Ufa wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Jirani yangu wa juu alihamia jumba letu la zege, kaskazini mwa Uingereza, likiwa jipya, akiringia bafu lenye maji moto. Siku hizi upepo ukivuma tu hupiga magoti, akishindilia magazeti kwenye ufa kati ya ukuta na sakafu. Jana alikuja kuukagua Bwana Thackray wa halmashauri inayomiliki jumba. Nilikuwa chumbani kwangu chini, nikiwasikia kama wamesimama kando yangu.

"Rangi tu imepasuka, mama. Usijitie wasiwasi."

Jirani akachomeka sindano ya kufumia kwenye ufa. Mara ncha yake ikachomoza kwenye dari yangu.

"Imefika?" akaniuliza, sauti yake ikitoka ufani.

"Imefika, mama."

Kisha nikamsikia Bwana Thackray akinyata juu ya sakafu ile kuelekea mlangoni.