Swali la Fundi Haraka

Walimwita Fundi Haraka kwa sababu haraka hakuwa nayo hata chembe. Ukimpelekea pampu, aliifuta vumbi kwanza, akaizungusha mkononi kama mtu anayechagua nazi sokoni, kisha akauliza swali lake: "Nani ameishika hii kabla yangu, na aliifanya nini?" Usipojibu, hagusi bisibisi. Wateja wengi walichukia. Waliona wanahojiwa kama wezi wa kuku, wakabeba vyuma vyao kwenda kwa mafundi wasiouliza. Aliwaacha waende. Swali hilo alilirithi kwa mjomba wake aliyemlea na kumfundisha kazi, na alishikilia kwamba mashine haijui kudanganya. Anayejua ni mwenye mashine.

Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mmoja, na niliheshimu swali lile. Siku hizi mtu mwenye msimamo huitwa mkaidi, na mwongo mchangamfu huitwa mjanja. Kwa hiyo nitaeleza nilichokiona.

Siku hiyo mteja alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na binti mwenyewe alifuatana naye. Kijana yule alikuwa na trekta kuukuu la petroli aliloachiwa na marehemu baba yake. Shamba lao lote lilitegemea trekta hilo, na wingu lilikuwa limeshajaa upande wa milima. Udongo wao ni mfinyanzi mzito. Mvua ikitangulia jembe, hauingiliki tena, na chakula cha mwaka mzima kimekwenda. Trekta lilikuwa haliwaki kwa sababu kabureta haipitishi petroli, na kabureta ya namna ile haiuzwi tena popote.

"Nani ameishika kabla yangu?" Haraka akauliza.

"Hakuna, baba. Tangu marehemu aifunge haijaguswa."

Haraka alimtazama kidogo, kisha akaanza kazi. Mkwe ni mkwe. Humwiti mwongo mbele ya mke wake.

Bakuli la chini lilifunguka. Boya lilitoka, na sindano yake ikatoka. Iliyogoma ni jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu jembamba linalopimia petroli, kilichokazwa kama skrubu ndani ya mwili wa kabureta. Haraka aliitia mafuta ya kulegeza kutu, akaiacha inywe, akaigongagonga kwa kinyundo, akaitia tena. Wapi! Akachonga ncha ya bisibisi mpaka ikakaa sawasawa kwenye mfuo wa jeti, akazungusha. Shaba ikaanza kumeguka ukingoni. Aliacha papo hapo.

"Haraka!" akaita mshona viatu wa kibanda cha pili. "Hiyo kabureta unaitengeneza au unaiposa?"

"Ningeiposa, ingeshanijibu."

Mkwe hakucheka. Kila mara alitoka mlangoni, akatazama milima, akarudi. Kwa mbali ngurumo ikapita.

"Baba, toboa tu. Jeti nyingine tutachongesha."

"Mwili huu ni chuma laini, mwanangu. Ncha ya drili ikiteleza kidogo, ukuta unapasuka, na hapo trekta lako ni banda la kuku."

"Mvua haitusubiri, baba."

Hilo lilikuwa kweli. Haraka alibana kabureta kwenye jiliwa, akachukua drili, akainama. Kisha akasita. Pembeni ya jeti aliona kitu cheupecheupe, kigumu kama uji uliokaukia sufuriani. Alikikwaruza kwa ukucha. Kutu haina rangi ile.

Akainuka, akarudia swali lake neno kwa neno.

"Nimeshasema, baba. Haijaguswa."

Binti alikuwa amesimama na birika la chai mkononi. "Mume wangu, baba anauliza mara ya pili."

"Na mimi nimejibu mara ya pili!"

Haraka akamnyooshea mkwewe drili. "Basi toboa wewe. Mkono wangu unakataa."

Kijana aliipokea. Aliweka ncha juu ya shaba, akabonyeza. Drili ikalia, ncha ikateleza na kuchora mstari mweupe kwenye mwili wa kabureta, kando kabisa ya ukuta mwembamba. Akaachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Ilikuwa inavuja," akasema. "Msimu uliopita. Niliitia supagluu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya, baba. Ungesema binti yako ameolewa na mbabaishaji."

"Kwa hiyo ungetulaza njaa kwa ajili ya haya?" mkewe akauliza.

Haya ni kitu kizuri ikija kabla ya kosa. Ikija baadaye ikatufunga midomo, ni woga tu.

Haraka hakumhubiria. "Mwanangu, injika maji," alimwambia binti. "Mengi, yachemke haswa. Asubuhi yote nimekuwa nikipaka mafuta jiwe. Gundi ile haijali mafuta, adui yake ni maji ya moto."

Waliosha petroli yote, wakaitumbukiza kabureta kwenye sufuria, wakasubiri. Matone ya kwanza yakadondoka juu ya bati. Haraka aliitoa kwa koleo, akaibana kwenye jiliwa, akaweka bisibisi kwenye mfuo uliokwisha kulika. Ukimeguka tena, hapana pa kushikia. Akazungusha.

Tak!

Binti alifumba macho. Lakini shaba ilikuwa nzima. Kilichokatika ni gundi, na jeti ikaanza kuja, mzunguko kwa mzunguko, ikilia kama mlango mkavu.

Walizibua tundu lake, wakairudisha kabureta mahali pake, na mchana ule ule trekta liliingia shambani. Mvua kubwa ilimkuta kijana bado kipande cha chini cha shamba hajakigusa, na kipande hicho kilibaki magugu msimu wote. Mshona viatu, ambaye haachi mtu apite hivihivi, alimuuliza siku moja kwa nini pale hakulima.

"Wakati wa kulima pale," kijana akajibu, "nilikuwa bado sijajibu swali la baba."