Moshi Mweupe Njia ya Banalia

Sisi tuliokulia mtaa wa Mangobo wakati wa Zaire tulijua kusoma moshi kabla ya kusoma vitabu. Jioni, pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, ikichemka, Papa alituonyesha magari yaliyopita: moshi mweusi, gari linakunywa esansi, yaani petroli, kupita kiasi; wa buluu, linaunguza mafuta ya moteri, yaani injini; mweupe usioisha, maji yameingia ndani.

Asubuhi moja habari zilitufikia kwamba Koko, mama yake Papa, yuko hoi Banalia na anamtaja mwanawe. Tukapanda kamyoneti ya Papa, gari lake dogo la mizigo, sote watatu mbele. Juma lile sonde, kile kifaa kidogo kinachopima joto la moteri, ilikuwa imekufa. Vipuri vilikuwa adimu, na fundi akaweka sonde ya gari la aina nyingine, isiyopatana na mshale wetu. Tulivuka daraja la Tshopo, mshale wa joto umetulia chini kabisa.

Msituni Mama akanusa, akamwita Papa kwa jina langu, kama kawaida yake. "Papa Safi, kitu iko inaungua."

"Mushale iko chini," Papa akajibu. "Moteri iko muzuri."

Mama akageuka nyuma. "Bon, angalia moshi. Iko mweupe."

Papa akasimama. Alipofungua kapo, kile kifuniko cha moteri, mvuke ukamrudisha nyuma. Moteri ilikuwa imechemka muda mrefu, joint ya culasse, ile gasketi inayozuia maji, imeungua, maji yanaingia kwenye silinda. Na mshale bado ulisema baridi. Papa akakaa kwenye vumbi, mikono kichwani. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mama akamsimamisha mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli ya ndizi. "Huyu bwana yangu, mama yake iko anakufa. Umufikishe Banalia." Mtu yule hakuuliza jina. Alishusha mikungu yote, akatuachia, Papa akapanda nyuma yake.

Wanakijiji wa karibu walitugawia chikwange, ule mkate wa muhogo, na mahali pa kulala. Kesho yake mtu yule alirudi kuchukua ndizi zake. "Nilimufikisha," alisema tu.

Lori tulilolisimamisha siku hiyo lilipotushusha Banalia, Papa alitoka nje kutupokea. Kilio tulikuwa tumekisikia tangu barabarani.

"Alinijua," akamwambia Mama. "Alinishika mukono, akaniita jina. Kisha akalala."

Magari ya leo yana taa za kuonya. Mojawapo ikiwaka, wanangu huifunika kwa kipande cha plasta na kuongeza sauti ya muziki, na mimi huwacheka. Lakini aliyekwama barabarani sasa hupitwa na pikipiki, moja baada ya nyingine, hakuna anayepunguza mwendo. Mimi hufika Banalia mapema, gari zima, moshi hauonekani. Nikifika, nakula mgahawani kama mgeni yeyote, kwa kuwa sikukwama, na hakuna aliyenipa chikwange njiani.