Masika Saba kwenye Farasi wa Mbao

Wifi yangu Masika haamini kitu cha bure. Ukimpa avoka, ataibonyeza, atainusa, kisha atakuuliza umempa nani mwingine. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Jumapili baada ya misa nitampeleka yeye na watoto kwenye Ranchi ya Edmond, na kwamba kiingilio nimeshalipa, aliacha kuchambua maharagwe akanitazama.

"Juu ya nini?"

"Juu ya kufurahi tu, Mama Amani."

"Balikutuma."

Nikakana. Niseme mapema ili msinidhanie mtu mwema: walikuwa wamenituma kweli.

Mume wake, Lusenge, ni kaka yangu. Miaka sita iliyopita alitoka Beni kwenda upande wa Kamango kununua kakao. Pikipiki yake ilipatikana kando ya njia, tangi bado limejaa. Yeye hakupatikana. Familia ilitaka tufanye matanga, tumsomeshee misa, tupumzike. Masika akagoma. Alisema Lusenge yuko Uganda, amenenepa, anapikiwa na mwanamke mwingine, na siku atakayorudi atakuta mlango umefungwa. Alisema pia kwamba tunataka matanga ili tumnyang'anye kiwanja. Hapo simlaumu, maana baba zangu wadogo nawajua, na kuna mjane mmoja wa ukoo wetu anayelala kwa dada yake mpaka leo. Ndipo baba akaniita: "Weye anakusikiaka. Mupeleke fasi ya muzuri, acheke, halafu umuambie akubali matanga."

Edmond aliendesha malori miaka ishirini, Butembo hadi Mombasa, na katika safari zote hizo alileta nyumbani gitaa, kofia pana, na ugonjwa wa nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani. Alipostaafu akajenga Ranchi yake juu ya kilima nje ya mji, katikati ya mikaratusi: lango lenye pembe za ng'ombe, viti vya magogo, na manège, bembea ya farasi wanane wa mbao, inayozungushwa na wanaume wawili wanaosukuma huku wakitukana chini kwa chini. Wanaouza vinywaji huvaa kofia za karatasi ngumu. Edmond mwenyewe huimba Kiingereza chake, na hakuna anayejua kama ni Kiingereza kweli.

Masika alikaa kwenye gogo, kamba ya mkoba wake ameizungusha mara mbili kwenye mkono. Fanta alitaka ifunguliwe mbele ya macho yake. Kabla watoto hawajapanda, aliwatikisa farasi mmoja mmoja kama anayenunua meza.

"Ule anaimba, anasema nini?" aliniuliza.

"Sijue. Pengine mapendo."

"Mutu anakuimbia kitu hausikie, anakuiba."

Lakini Amani na mdogo wake Nadège walipoanza kuzunguka, na kofia ya msukumaji mmoja ikaruka ikamfunika Nadège uso wote, nikaona meno ya Masika. Nilikuwa sijayaona siku nyingi. Nikajiambia ni sasa, sema sasa, mwoga wewe. Nikafungua mdomo.

Kipaza sauti cha Edmond kikanitangulia. "Masika! Masika! Bwana yako amefika, anatoka safari ya mbali. Anakungojea hapa ku farasi. Kuya mbio!"

Nilipogeuka, gogo lilikuwa tupu. Mkoba ulikuwa chini kwenye majani, na sapato moja kando yake. Niliviokota vyote viwili nikamfuata.

Sasa, kwetu Wanande, binti wa kwanza wa kila nyumba ni Masika. Edmond ni Mnande, alipaswa kufikiri. Kwenye farasi nilikuta Masika saba: mmoja na mtoto mgongoni, mmoja msichana ambaye hajaolewa, mwingine bibi mwenye fimbo. Mbele yao alisimama mwanamume mmoja mwenye vumbi la barabara ya Kanyabayonga mpaka kwenye nyusi, amekumbatia gunia la viazi, anawatazama kwa hofu.

"Ni wa nani?" Edmond akauliza.

Mke wake halisi ndiye aliyefika wa mwisho, akitafuna brosheti ya nyama, bila haraka yoyote. Watu wakavunjika mbavu.

"Wangu alikufa zamani," bibi akasema, "lakini nilisema nijaribu."

Wakacheka tena. Masika wetu naye alicheka. Wenzake walikuwa wamekwisha kutawanyika. Yeye alibaki pale, mguu mmoja mtupu, akimtazama mwanamume yule usoni, mpaka mke akamvuta mumewe mkono wakaondoka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na haikuwa aibu yake, ilikuwa yangu.

Nikampa mkoba. Akaupokea bila kuufungua kuangalia kilichopungua. Tukarudi kwenye gogo, akavaa sapato lake polepole.

"Kaswera. Balikutuma, si ndiyo?"

"Ndiyo. Balinituma."

"Nilijua." Akapangusa majani kwenye mguu. "Miye nilisema nitamufungia mulango. Umeona vile nilikimbia?"

"Nimeona."

Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Mimi pia nililia, na sikujali nani anatuona. Edmond alikuwa ameanza wimbo mwingine.

"Kiwanja, baandike kwanza ku jina ya Amani," akasema. "Mbele ya padri. Miye mwenyewe nitasoma karatasi, neno kwa neno."

"Nitabaambia."

"Halafu mufanye matanga."

Kisha akawaita watoto, akawahesabu, wawili tu, akawahesabu tena.