Aliyemvutia Mume Wangu Kamba

Wapo wanawake waliokuta rangi ya mdomo kwenye kola ya shati. Mimi nilimfuma mwanamke akivuta kamba ya pikipiki ya theluji ya mume wangu.

Chekeni tu. Kwetu Revelstoke, mji wa theluji milimani, hakuna anayecheka.

Kamba ile ndiyo inayowasha mashine. Unashika kishikio, unavuta kwa nguvu zako zote, injini inanguruma. Mwanaume wa milimani hawashiwi mashine na mtu, labda awe maiti.

Sasa mimi natokea kwenye miti, namwona Lyle wangu amesimama pembeni, mikono mfukoni. Tamsin kainama juu ya mashine ya Lyle, anavuta. Ikawaka. Lyle akamgonga kofia, wakacheka.

Waliponiona, wakaachana haraka.



Huyu Tamsin alihamia kwetu kutoka Ontario. Kadogo, kepesi, kwenye miti anapita kama sindano. Anafanya kazi hospitali, idara gani sikujua wala sikutaka kujua. Mimi ni mrefu kuliko mume wangu, mabega kama mlango, na viatu nanunua upande wa wanaume.

Nikaanza kuunganisha mambo.

Tangu baridi ianze, Lyle alikuwa akilala kunipa mgongo. Kila usiku. Nikimgusa, anasogea ukutani.

Halafu kuna kopo la kahawa. Linakaa juu kabatini. Miaka yote alikuwa akilishusha bila hata kuangalia. Ghafla imekuwa, "Noreen, mke wangu, nishushie kopo."

Yaani mwenzangu anavuta kamba, mimi nashusha makopo. Nilichoka.

Ikafika Aprili. Kwetu mashine ya msimu ujao unaiagiza theluji ya msimu huu ikianza kulainika. Siku ya mwisho ikipita, umekwisha, huongezi wala hubadilishi.

Na kwa mashine za milimani, ukishachagua modeli, kinachobaki kugombanisha watu ni urefu wa mkanda, ule wa chini unaoisukuma.

Mkanda mrefu unaelea juu ya theluji laini na unapanda mpaka unasahau kushuka, lakini kuugeuza kwenye miti ni vita. Mfupi unageuka kiulaini, ila theluji ikiwa nene na mtu mwenyewe akiwa mzito kama mimi, mnazama wote wawili.

Lyle ni mtu wa mkanda wa inchi mia sitini na tano. Kuna mteremko tunauita Bakuli. Watu wanaupanda mmoja mmoja, na alama ya mkanda iliyofika juu kuliko zote ndiyo inayoongelewa mji mzima. Kila mwaka ni ya Lyle.

Mimi kazi yangu kurithi. Akinunua mpya, napewa kuukuu. Na nisiwafiche, nilianza kuionea wivu ile mia sitini na tano kabla sijamwonea wivu binadamu yeyote.

Siku hiyo ya mwisho, Lyle ameshatoka, simu ya nyumbani ikalia. Nilikuwa natafuna mkate, nikainua nikaguna tu, "Mmh."

Ni Gord, mwenye duka.

"Lyle, kaka, leo ndiyo mwisho, jioni nafunga oda. Ndefu mia sitini na tano iko sawa. Sasa hii fupi, mia arobaini na sita yenye kitufe cha kuwashia, usukani niushushe kama Tamsin alivyosema?"

Mkate ukanikwama.

"Kama NANI alivyosema?"

 

"Ah... shemeji. Nitapiga baadaye, eh?"

Akakata.

Jamani! Mashine mbili! Ndefu ya bwana, fupi ya hawara!

Maana mia arobaini na sita haiwezi kuwa yangu, ningeizamisha asubuhi ya kwanza. Usukani wa kushushwa ni wa mtu mfupi. Na kile kitufe? Kinaongeza uzito kwenye mashine, wanaume wetu wanakiita kitufe cha bibi. Lyle ndiye aliyekipa hilo jina!

Sikuvaa hata koti. Nikaingia kwenye gari, nikasema leo ni leo.

Siku ya mwisho ya oda, Gord huchoma soseji nje ya duka na nusu ya mji hujaa pale, wanabishania mikanda na kunywa bia. Nikapasua katikati yao. Wendell, rafiki wa Lyle, akaniita, "Noreen, soseji!" Sikumjibu.

Ndani nikawakuta.

Lyle amekaa juu ya mashine ya maonyesho. Tamsin kasimama nyuma yake, mkono mmoja chini ya kiwiko chake, mwingine begani. Anamwambia kwa sauti laini, "Hivyo hivyo. Taratibu. Usijilazimishe."

Mbele ya watu!

"Endeleeni," nikasema. "Msinijali. Mimi ni mshusha makopo tu."

Lyle akageuka, uso mweupe. "Noreen..."

"Noreen nini? Hiyo fupi yenye kitufe ni ya nani?"

Watu wa soseji walishajaa mlangoni.

"Twende tukaongelee nyumbani, mke wangu."

"Nyumbani unaongea na ukuta! Sema hapa. Ni ya nani? Ya huyu?"

Tamsin akafungua mdomo. Lyle akatikisa kichwa, akamzuia.

"Ni yangu," akasema.

Wendell akaangua kicheko. "Lyle na kitufe cha bibi! Huyu jamaa atatuvunja mbavu!" Duka zima likacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, kwa hasira.

Lyle hakucheka. Akaushika usukani kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia akaunyanyua polepole, kama mtu anayetaka kuuliza swali darasani.

Ukafika usawa wa kifua, ukasimama. Akasukuma. Nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo. Mkono hauendi.

"Bega limekwisha, Noreen," akasema. "Msimu mzima sijavuta kamba hata mara moja. Tamsin ndiye anayenifanyisha mazoezi hospitali. Nilimwomba asimwambie mtu."

Kicheko kilikatika. Wendell aliitazama bia yake.

Mtu aliyekuwa akiongelewa kila mwaka ndani ya duka lile, mimi ndiye niliyemvua nguo mbele ya mji.

Sauti yangu ikatoka ndogo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia niache kupanda. Na ungekuwa sahihi."

"Na ile ndefu? Huwezi kuiendesha ndefu kwa bega hilo."

Akatazama chini. Gord ndiye aliyejibu, koleo la soseji mkononi. "Shemeji, ndefu ni yako. Mpya, siyo ya kurithi. Ilikuwa iwe siri mpaka ishuke kwenye lori."

Lyle akanyanyua macho. "Bakuli lisikae bila mtu wa nyumba yetu," akasema.

Nililia kama mtoto, katikati ya harufu ya soseji. Tamsin akaniletea karatasi za kufutia, na nikaona aibu hata kumshukuru.

Usiku ule Lyle akalala akinigeuzia mgongo kama kawaida. Safari hii nikauliza kwa nini.

"Bega la kulia halilaliki," akasema. "Nalala kwa kushoto, na kushoto ni ukutani."

Nikainuka, nikamruka, nikajibana kati yake na ukuta. Basi. Tukawa tunatazamana.

Msimu ulipofika nilipanda Bakuli kwa mia sitini na tano yangu. Nilipogeuka kushuka, pale alama yake ilipokuwa ikifika kila mwaka palikuwa chini yangu, urefu wa mashine mbili hivi. Tamsin alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Lyle alitoka kwenye miti na ile fupi yake, akatazama juu.

"Theluji ya mwaka huu ni rahisi," akasema. "Hata bibi angepanda."

Nikacheka hadi nikakaa chini. Sauti ile ya wivu naijua vizuri, nimeishi nayo kifuani mwangu miaka.

Jana, Aprili tena, simu ikalia. Nikaguna, "Mmh."

"Lyle, kaka, ile mia sabini na tano uliyoulizia, inakuja na kitufe..." Akasita. "Ah... shemeji. Nitapiga baadaye."

Safari hii sikuuliza ni ya mwanamke gani. Bwana anaitaka alama yake.

Wewe unayesoma hii huku unachungulia simu ya mwenzako: wivu ukikushika, usikimbilie kumtafuta wa pembeni. Mtazame kwanza wa kwako anavyonyanyua mkono. Mimi nilikuwa nalishusha kopo kila asubuhi, na sikumuuliza hata siku moja kwa nini hawezi kulifikia.