Kiti cha Shemeji Kimya

Mume wa dada yangu tunamwita Kimya, na jina hilo hakupewa kwa fitina. Ukimsalimia asubuhi, atakujibu jioni. Kazi yake ni kupakia mizigo ghalani. Siku za mapumziko huenda pembezoni mwa mashamba kuwinda nguruwe mwitu wanaokula mazao, amekaa juu ya mti na bunduki mapajani, na dada anasema huko ndiko anakokuwa mtu. Akikosa mti wiki mbili, nyumba nzima inakoma.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Pamoja na mageti na madirisha, natengeneza viti vya wawindaji, vile vya kukalia juu ya mti. Jumamosi moja Kimya akaja karakana na dada. Kiti chake cha zamani kimeliwa na kutu, anataka kipya. Nikamtolea vyote. Kuna cha mikanda, unakibana kwenye shina, lakini sharti ukifunge huku umekumbatia mti. Kuna cha ngazi, kizito, unakiegemeza na kupanda kama unakwenda darini. Na kuna cha kupanda nacho, vipande viwili vinavyouma shina: unakalia cha juu, unavuta cha chini kwa miguu, unasimama, unasukuma cha juu, hivyo hivyo kama kiwavi mpaka unafika.

Nilimshauri achukue cha ngazi. Ana miaka hamsini na kitu, magoti yenyewe yanalalamika akiinuka kwenye kochi. Akasema ngazi ni za wapaka rangi. Dada akanong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Kimya akabeba kile cha kupanda nacho, huyo, mpaka kwenye mti ulioko nyuma ya karakana, kukijaribu.

Sasa kile kiti kina sharti lake. Kipande cha chini lazima ukifunge kwa kamba kwenye cha juu, ili kikiponyoka mguuni kisikuache. Nikampa kamba, nikamwambia afunge wakati nafuata mkanda wa usalama ndani. Kurudi, nakuta mtu yuko juu tayari, usawa wa paa, na kamba iko pale majanini. Hasira zilinipanda. Nilifungua mdomo nimtukane, shemeji au si shemeji, na hapo hapo kipande cha chini kikateleza, kikagonga shina, kikaanguka mbele ya miguu yangu.

Kimya akabaki ananing'inia kwa makwapa kwenye chuma cha juu, miguu inapapasa hewa. Chini yake nilikuwa nimerundika vipande vya nondo. Dada akajiziba mdomo. Nikamwambia Kimya azungushe mikono yote miwili kwenye shina, ashike sana, naleta ngazi. Akatikisa kichwa. Nikadhani ni ubishi ule ule, nikamwambia kama anataka kufa achague siku nyingine na karakana nyingine.

"Mkono wa kulia haushiki," akasema.

Dada akainua uso. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Vidole vimekufa ganzi. Hata ile kamba imenishinda kufunga."

Mwaka mzima! Anakula, anavaa, anakwenda kazini, na mke wake wa kitanda kimoja hajui. Lakini kumsuta hapakuwa na nafasi. Tukaburuta kile kiti cha ngazi, mimi na dada, tunahema, tukakiegemeza. Dada akakumbatia miguu ya ngazi kwa mwili wake wote, mimi nikapanda. Nilisikia chuma cha juu kinakwaruza gome, kinaanza kushuka. Nikakamata kiatu chake, nikakiweka kwenye kidato, kisha cha pili. Nikamshika kiuno, nikamwambia aachie. Hakuachia. Jasho lake lilikuwa linanidondokea shingoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli nitamweza. Nikamjibu chuma chenyewe nakiweza, sembuse nyama. Akaachia.

Chini, aliketi kwenye majani. Nilimsubiri dada amwakie, maana namjua. Badala yake akauchukua ule mkono, akawa anausugua kidole kimoja kimoja. Ndipo Kimya akasema. Aliuficha ule ugonjwa kwa sababu alijua atakatazwa mti, na bila mti hajui atabaki kuwa nani. Aliogopa hilo kuliko kuanguka. Niliona haya kuyasikia, nikajifanya napanga nondo.

Baada ya muda akaniuliza kama kiti cha ngazi naweza kukipanua, wakae watu wawili. Nikamwambia naweza.

"Wa pili nani?" dada akauliza.

"Wewe. Bunduki utashika wewe. Mimi nitakufundisha, na nitakuonyesha wanapotokea."

Dada yangu hajawahi kuchinja hata kuku. Alimtazama mumewe, machozi yanatiririka na hayafuti, kisha akanigeukia mimi.

"Chukua vipimo vizuri," akaniambia. "Mimi si mwembamba."