Njia ya Fimbo Kando ya Lami

Ngoja nikueleze mwanangu alivyovuka lami ya Karatu peke yake, maana nikilisema hili hata mgongo unaacha kuuma.

Binti yangu wa mwisho haoni tangu utotoni. Anafuma masweta kwa mashine, na kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara kuu, ile ya magari ya watalii wanaokwenda Ngorongoro. Yanakimbia hayo! Kila asubuhi namshika mkono namvusha, jioni namfuata. Nikiumwa, kibanda hakifunguliwi. Siku moja akanijia juu: "Mama, sweta nafuma mwenyewe, kuvuka tu ndiyo nibebwe kama debe la maharage?"

Alichotaka ni kidogo. Zebra ipo, imechorwa, lakini rangi yeye haioni. Alitaka kitu ambacho fimbo ikigusa ajue: hapa ndipo, simama. Na bodaboda zisipaki hapo.

Tukaenda kwa mtendaji, tukaruhusiwa kukitengeneza pembeni mwa lami, pande zote mbili. Nikaita majirani kama tunavyoitana kulima: mwenye kazi anapika, wengine wanakuja na majembe. Nikapika makande, nikaweka na togwa. Wamama wakatoka Rhotia, wengine Daa huko, mchanga kichwani, saruji ikakorogwa.

Sasa sisi wamama wa huku, sakafu ni heshima. Tukailainisha ile saruji, tukaisugua ikang'aa, mpaka mmoja akavua viatu asiichafue. Ilipokauka nikamleta binti mwenyewe. Fimbo ikateleza shwaa! Akapapasa kwa mguu, akaanza kucheka.

"Mama, mmenijengea sebule? Bado makochi tu!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Fimbo ingejuaje kitu pale, na tumeilainisha kama sahani? Tukavunja, nikapika tena makande. Safari hii fundi ni yeye. Kachuchumaa, anapanga vijiwe kwa vidole vyake, vimetokeza juu ya saruji, na kila aliyeleta mwiko kutaka kusawazisha alipigwa kofi la mkononi, hata mimi mama yake.

Asubuhi ya kuvuka, vijana wa bodaboda walikuwa wameshasogeza pikipiki zao. Fimbo ikagonga mawe, akasimama. Vijana wakaanza: "Vuka dada! Aa, bado! Haya, sasa!"

Nikawageukia. "Nyamazeni nyie! Anasikiliza magari, na nyie mnamjazia kelele masikioni."

"Samahani, bibi."

Wakarudi nyuma. Mimi nami mikono nimeifunga ndani ya kanga nisije nikamdaka.

Gari la watalii likasimama. La upande wa pili nalo likasimama. Akasikiliza kwanza, akanyoosha fimbo, akaenda. Wala hakukimbia! Kichwa juu, mwendo wa mtu mwenye barabara yake. Nikasikia fimbo ikigonga mawe ya ng'ambo, kro kro kro. Mama muuza unga, jirani yake wa kibanda, akamwuliza kwa sauti:

"Leo umekuja na nani?"

"Na mimi," akajibu, huku anapapasa kufuli.

Nikapiga kigelegele! Dereva wa watalii akashusha kioo.

"Bibi, kuna harusi?"

"Hakuna harusi, baba. Binti yangu anafungua duka."